Mtoto wa Arobaini na Moja

Jumamosi, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Fundi alikuwa wa kumi na saba kwenye foleni ya geti namba nne la bustani ya michezo ambayo kila mtu mjini alikwisha kuingia isipokuwa yeye. Mkono wa kulia alishika tiketi mbili. Mkono wa kushoto alishika kiti cha magurudumu, na kwenye kiti hicho alikaa Shangazi, ambaye hakualikwa.

Tiketi zilitoka kwa binti yake Fundi, aliyekuwa akifanya kazi mbali, na zilikuwa zawadi ya mama yake kutimiza miaka arobaini na mitano. "Mama, nenda na rafiki yako mkafurahi," binti aliandika. Fundi hakuwa na rafiki wa Jumamosi. Alikuwa na cherehani, wateja na Shangazi, na kati ya hao ni Shangazi tu aliyeuliza, "Na mimi nabaki na nani? Na ukuta?"

Shangazi alikuwa na miaka themanini na moja, nyonga moja mbovu na ulimi mzima. Alivaa koti lake la kwendea kwa watu wa maana na kupakata chupa ya chai, kwa kuwa hakuwahi kuamini chai ya mtu asiyemjua. Alilitazama gurudumu kubwa lililokuwa likizungusha watu angani, upande wa pili wa ukuta.

"Watu wazima na akili zao," alisema, "wanalipa ili wazungushwe. Mimi dunia imenizungusha bure."

Zamu yao ilipofika, mlinzi wa geti aliingiza tiketi ya Shangazi kwenye mashine na taa ya kijani ikawaka. Akaingiza ya Fundi, akaomba na kitambulisho, maana mwaka huo bustani ilikuwa imehamishia madaftari yake yote ya zamani kwenye mashine, na mashine ilipenda kujua inashughulika na nani. Taa nyekundu ikawaka.

"Mama, inakataa."

"Tiketi mbovu?"

"Tiketi nzima. Inasema wewe umo ndani."

"Mimi niko hapa."

"Nakuona. Lakini na ndani umo pia." Mlinzi aliinama akasoma kwenye kioo. "Uliingia na shule yako miaka thelathini na sita iliyopita, saa nne asubuhi. Hujatoka."

Fundi alifikiri kidogo. "Siku hiyo sikuja," alisema.

"Mama, mimi sibishani na mashine. Tukibishana, anayefukuzwa ni mimi."

Mwanamume mwenye watoto watatu nyuma yao alikohoa. "Dada, kama umo ndani, si utupishe?"

Mlinzi, ambaye alikuwa mtu wa huruma na mwenye foleni ndefu, alifungua mlango mdogo wa pembeni, akampa Fundi kipande cha karatasi kilichoandikwa: *Apelekwe Ofisi ya Watoto Waliopotea.* Fundi alishukuru na kusukuma kiti.

Hakushangaa. Tangu utoto alikuwa mtu wa kurukwa kwenye hesabu. Sahani mezani zilikuwa zikipungua moja, na aliyekosa alikuwa yeye. Hospitalini muuguzi aliita namba kumi na mbili, kisha kumi na nne, na Fundi alikaa na namba kumi na tatu mkononi mpaka watu waishe. Siku ya harusi yake mpiga picha aliwaomba watu wasogeleane ili kuziba pengo lililokuwa kando ya bwana harusi, na kwenye pengo hilo alikuwa amesimama bibi harusi. Wengine huzaliwa na kigugumizi. Yeye alirukwa, na familia ilizoea, hata marehemu mumewe, ambaye alikuwa na tabia nzuri ya kupapasa kiti kabla ya kukaa.

Njia ya kwenda ofisini ilipita katikati ya bustani. Kulikuwa na farasi wa mbao waliozunguka bila kufika, kulikuwa na gari la reli lililopanda taratibu kama mtu anayekwenda kuomba msamaha na kushuka kama mtu aliyekataliwa, na kulikuwa na dubu mrefu kuliko mlango, aliyevaa kizibao chekundu na kukumbatia yeyote aliyesimama karibu. Dubu alimkumbatia Shangazi.

"Niache, mnyama," alisema Shangazi. "Unanuka jasho la mwanamume."

Fundi hakuwa akimtazama dubu usoni. Alikuwa akitazama vifungo vya kizibao. Kila kifungo kilizungushiwa uzi shingoni mara tatu, kisha fundo likafichwa upande wa kushoto, chini ya kitambaa. Mjini kulikuwa na watu wawili tu walioshona kifungo namna hiyo: Shangazi, ambaye macho yalikwisha kumkatalia, na Fundi, ambaye hakuwahi kumshonea dubu yeyote.

"Nguo hizi zinashonwa wapi?" aliuliza.

Dubu aliinua kichwa chake kidogo ili sauti ipate pa kutokea. "Suti zinatoka kiwandani, mama. Vifungo vinatiwa pale kwa waliopotea."

Ofisi ya Watoto Waliopotea ilikuwa chumba kimoja kati ya vyoo na duka la aiskrimu. Ilikuwa na meza, kabati la chuma, saa ya ukutani na benchi refu la mbao. Kwenye rafu, vichwa vya dubu na mabata vilikaa vikitazama mbele, kama kamati ya nidhamu. Karani alikuwa mzee wa tai na miwani, aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Kwenye benchi alikaa msichana wa miaka tisa mwenye sare ya shule ya rangi ya bluu. Miguu yake haikufika sakafuni. Kamba ya kiatu cha kushoto ilikuwa imefunguka. Alikuwa na kapu la vifungo ubavuni na kizibao chekundu mapajani.

Msichana aliinua uso. Ulikuwa uso wa Fundi, ukiwa haujatumika.

"Shikamooni," alisema.

"Marahaba," Fundi alijibu.

"Shangazi, vimebaki mia moja na ishirini."

"Kaza uzi," Shangazi alisema, kabla hata ya kuvaa miwani. Kisha akaivaa, akamtazama mtoto kwa muda, akaongeza, "Na kamba ya kiatu hiyo. Utaanguka, watu waseme sikulei."

Karani alifurahi. Alisema kesi hii ilikuwa ya zamani kuliko zote zilizobaki mezani kwake, na alikuwa na hofu ya kustaafu nayo ikiwa wazi. Alifungua kabati, akatoa jalada lililofungwa kwa utepe, akaeleza mambo kwa utaratibu.

Miaka thelathini na sita iliyopita shule ilileta darasa la tatu kutembelea bustani. Mwalimu wa zamu alikuwa na mwandiko mzuri na aliupenda, kwa hiyo alijaza orodha ya safari jana yake jioni, mezani, kwa utulivu, akaweka alama ya *yupo* mbele ya majina yote arobaini na moja. Asubuhi hakuita majina. Getini alikabidhi orodha. Mlinzi wa wakati huo alihesabu watoto akapata arobaini, akahesabu tena akapata arobaini, akatazama mwandiko, akaona kwamba mwandiko kama ule hauwezi kukosea. Akaandika arobaini na moja wameingia. Saa tisa alasiri walitoka arobaini.

"Sasa, mama," alisema Karani, "karatasi ikisema mtu yumo, bustani inawajibika kuwa naye. Saa kumi alasiri alipatikana amekaa kando ya chemchemi, ana sindano mkononi. Tukamleta hapa. Anakula vizuri. Hasumbui. Hakui, lakini hilo si letu."

"Na hivi vifungo?" Fundi aliuliza.

"Aliomba mwenyewe! Siku ya kwanza tu alisema, nipeni vifungo nimalize. Tukampa kizibao kimoja, kumchangamsha. Sasa, kusema kweli, idara nzima ya mavazi inamtegemea."

Fundi alimwelewa mtoto, kwa sababu asubuhi ile alikuwepo. Kulikuwa na makoti meupe sitini ya hospitali, kila koti vifungo sita, na gari la kuyachukua lilikuwa linakuja jioni. Yeye alikuwa amevaa sare tangu saa kumi na moja alfajiri, amekaa mlangoni akisikiliza kama basi la shule linakuja. Shangazi alimwekea koti la kwanza mapajani. "Malizia vifungo kwanza," alisema. "Utawafuata wenzako." Basi lilipita saa mbili. Alimaliza koti la sitini saa kumi na moja jioni. Jumatatu yake yalikuja makoti mengine mia, na habari ya shule ikaishia hapo bila mtu yeyote kuitangaza.

"Anatokaje hapa?" Fundi aliuliza.

"Rahisi sana." Karani alitoa fomu ya ukurasa mmoja. "Aliyemwacha anasaini, mtoto anaondoka. Mwezi uliopita alikuja bwana mmoja wa miaka sabini na mama yake wa miaka tisini na nne. Mama aliweka kidole gumba. Mvulana akaruka kutoka hapo kwenye benchi, wakashikana mikono na yule bwana, na walipofika getini mashine ilihesabu mtu mmoja. Niliwaona kwa macho yangu. Mzee mzima alirudi dirishani akaomba puto."

Fundi alichukua kalamu. Kalamu ile, ambayo Karani alikuwa ametoka kuandikia tarehe vizuri kabisa, mkononi mwake iliacha mfuo tu kwenye karatasi.

"Aliyepotea hawezi kujiokota," Karani alisema kwa upole. "Kanuni ya saba. Ni lazima aliyemwacha." Akamgeukia Shangazi. "Bibi?"

Shangazi aliisogeza fomu mbali na macho, kisha karibu, akasoma kwa sauti: "*Mimi, nukta nukta nukta, ndiye niliyemwacha mtoto huyu, na leo nimekuja kumchukua.*" Akaiweka chini. "Hii ya nyuma nasaini. Nimekuja kumchukua, sawa. Hii ya mbele futa."

"Haifutiki, bibi. Imechapwa."

"Chapa nyingine."

"Zilichapwa elfu kumi. Zimebaki elfu tisa na mia nane."

"Basi aje mwalimu asaini. Si ndiye aliyeandika uongo?"

"Mwalimu alifariki, bibi. Na alisaini kabla. Alisaini kwamba alimhesabu. Kumwacha ni safu nyingine."

Wakati huo saa ya ukutani iligonga saa saba. Karani alivua miwani, akatoa kitambaa cha chakula kwenye mtoto wa meza. Ofisi ilifungwa saa saba hadi saa nane, alieleza, na wageni hawakuruhusiwa kubaki na mtoto. "Nendeni mkafurahi," alisema, kwa sauti ile ile aliyotumia kusoma kanuni.

Wakaenda kufurahi. Shangazi alikataa kila kitu kilichotembea, kwa hiyo Fundi alimwegesha kivulini na kwenda peke yake kupanda gurudumu kubwa. Kila kibanda kilichukua watu wanne. Mwendeshaji alihesabu wasichana wawili, akamruka Fundi, akamwongeza bwana mmoja mnene, kisha akaona bado kuna nafasi akamwongeza mwingine, ambaye alimkalia Fundi.

"Samahani, dada," alisema yule bwana baada ya nusu mzunguko. "Nilidhani ni mto."

"Usijali."

Kutoka juu Fundi aliuona mji wote. Aliiona barabara yake, paa la karakana yake, na uwanja wa shule aliyoiacha darasa la tatu. Gurudumu lilipoanza kushuka, watu wote kibandani walipiga kelele, na Fundi, aliyekuwa ameahidiwa na binti yake kwamba kelele hutoka zenyewe, alifungua mdomo akasubiri. Hakikutoka kitu. Chini, kati ya vyoo na duka la aiskrimu, palikuwa na dirisha dogo, na ndani ya dirisha kichwa cha mtoto kilichoinama.

Alipoteremka alichutama mbele ya kiti cha magurudumu.

"Shangazi, nakuomba."

"Mimi nimekuacha?" alisema Shangazi. Alikuwa amekwisha kujitayarisha, ilionekana, tangu saa saba. "Kuacha ni kutupa. Mimi nilitupa nani? Kaka yangu alipokufa aliniachia watoto watano na mwavuli, na mwavuli wenyewe ulitoboka. Nitajie siku moja mliyolala njaa. Moja."

Fundi alitafuta kwa uaminifu. "Hakuna."

"Basi."

"Hakuna anayekushtaki, Shangazi. Ni karatasi tu."

"Ingekuwa karatasi tu, ungeniomba kwa sauti hiyo?"

Shangazi alijimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa, akanywa nusu, akampa Fundi nusu. Walikunywa huku gari la reli likipita juu ya vichwa vyao na watu wake wote wakilia kwa furaha.

Saa nane walirudi. Mtoto alikuwa hajasogea. Shangazi alisukumwa hadi mezani, na Fundi akakaa kwenye benchi, akainama akafunga ile kamba ya kiatu. Mguu ulikuwa na joto la kawaida.

"Umeshapanda gurudumu?" alimuuliza.

"Bado. Nikimaliza." Mtoto alitoboa kitambaa bila kutazama. "Huwa nasikia watu wanapiga kelele. Mwanzoni nilidhani wanaumia. Karani akasema hapana, ndio kufurahi." Akazungusha uzi mara tatu. "Wewe ulimaliza yale makoti?"

"Saa kumi na moja jioni."

"Ukawafuata?"

"Basi lilikuwa limesharudi."

Mtoto alifikiri. "Ungeongeza kasi," alisema, bila ubaya.

Fundi alichukua sindano ya pili kwenye kapu, akatunga uzi. Walishona pamoja, bega kwa bega, na kwa kuwa mikono ilikuwa ileile vifungo vilipungua haraka: themanini, sitini, thelathini. Mezani, Karani alikuwa akimweleza Shangazi kanuni ya kumi na moja. Mwenye kusaini akifariki kabla hajasaini, mtoto huingizwa kwenye orodha ya mali ya bustani, pamoja na viti na miavuli, na hapo hakuna fomu tena.

"Bibi anaendeleaje na afya?" aliuliza kwa adabu.

"Nasikia vizuri," alisema Shangazi. "Hiyo ndiyo afya yangu." Kisha akagonga meza kwa kidole. "Hebu nitazamie na mimi humo ndani. Mimi nilipelekwa jikoni kwa watu nina miaka saba. Tazama kama nipo."

Karani alikuwa mtu wa heshima. Alivaa miwani, akafungua jalada la zamani kuliko yote, akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa mpaka wa mwisho. "Bibi, enzi zako hapa palikuwa kinamasi."

"Kwa hiyo mimi nani alinisainia?"

Karani alilitafuta jibu kwenye kanuni, hakuliona, akafunga jalada.

Saa kumi na nusu, mtoto alikata uzi kwa meno. Kapu lilikuwa tupu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka thelathini na sita, na Karani alisimama ili aone vizuri sakafu ya kapu, ambayo hakuwahi kuiona. Mtoto aliteremka kwenye benchi. Alibeba kizibao cha mwisho kwa mikono miwili, akavuka chumba, akakiweka kwenye mapaja ya Shangazi.

"Shangazi, nimemaliza."

Shangazi alikishika kifungo cha kwanza akakivuta kwa kucha. Hakikutikisika. Akavuta cha pili na cha tatu. Alivuta vyote sita. Alimtazama mtoto. Alitazama sare ya bluu, ambayo aliishona mwenyewe, kubwa kwa vipimo viwili ili mtoto aikulie. Halafu akanyoosha mkono mezani na kuchukua kalamu.

Karani alisogeza fomu, akaonyesha mstari kwa kidole.

"Ni hapa?" aliuliza Shangazi.

"Hapo hapo, bibi."

Mlango ukafunguliwa. Mwanamke wa idara ya mavazi aliingia kwa mgongo, kwa sababu mikono ilijaa. Alikuwa na kapu jipya, la vifungo vya manjano, na juu yake vizibao vya mabata vimekunjwa vizuri. "Ya Jumatatu hii," alisema, akaliweka kwenye benchi, akatoka. Alikuwa na haraka na hakukosea lolote. Ilikuwa kazi yake.

Mtoto alilitazama kapu. Kisha akamtazama Shangazi.

Shangazi naye alilitazama kapu, vizibao arobaini au hamsini hivi, vifungo vyake vyote havijatiwa, na uso wake ukatulia, kama wa mtu aliyesikia lugha yake ikizungumzwa ugenini. Akaiweka kalamu mezani.

"Malizia hivi kwanza," alisema. "Utatufuata."

"Haya, Shangazi," alisema mtoto, akarudi kwenye benchi.

Shangazi hakusema kwa ukatili. Karani, aliyeulizwa baadaye na wakubwa wake, aliandika kwamba bibi alizungumza kwa sauti ya kawaida na alionekana kutojua kwamba amesema jambo. Fundi alisema, "Shangazi, kalamu," kisha akasema tena, na mara ya tatu aliichukua kalamu mwenyewe akamwekea kati ya vidole, lakini vidole vilikuwa vimeshashika kifuniko cha chupa ya chai. Kengele ya kufunga bustani ikalia.

Getini taa ya kijani iliwaka kwa Shangazi. Kwa Fundi haikuwaka kijani wala nyekundu, kwa kuwa tiketi yake haikuwa imeingia, na tiketi isiyoingia haiwezi kutoka. Mlinzi alimpitisha mlango wa mizigo na kumwandika kama kifurushi kimoja, kisichovunjika.

Tangu hapo Fundi huenda kila Jumamosi. Mlango wa mizigo wanamjua, na humwandika kifurushi akiingia na kifurushi akitoka. Hukaa kwenye benchi kuanzia saa tatu hadi kengele, na wawili hao humaliza kapu kila mara kabla ya saa kumi, na kila mara huletwa jingine. Idara ya mavazi imeagiza mabata zaidi, kwa kuona kasi imeongezeka. Karani amestaafu, karani mpya ni kijana mwenye heshima vilevile. Fomu imo kwenye mkoba wa Fundi, ndani ya bahasha, na kila Jumapili asubuhi huiweka mezani karibu na kikombe cha Shangazi, na kila Jumapili jioni huiondoa ili isilowe.

Shangazi ana miaka themanini na miwili sasa. Hakuna aliyemsikia akiitaja bustani, ila juzi, baridi ilipoanza, Fundi alimkuta dirishani akifuma sweta ya bluu kwa kupapasa. Ilikuwa ya mtoto wa miaka tisa. Vipimo vilikuwa sahihi hadi kwenye kifundo cha mkono, ingawa hakuvichukua popote.

"Mpelekee," alisema. "Pale anapokaa pana upepo wa mlango. Nilihisi siku ile."

Fundi aliikunjua mbele ya dirisha. Ilikuwa kazi nzuri, mistari imenyooka, matundu matano upande mmoja yamepangwa sawasawa. Upande wa pili haukuwa na kitu.

"Shangazi, mbona haina vifungo?"

Shangazi alikuwa amekwisha kuanza kukunja uzi uliobaki.

"Atatia mwenyewe," alisema. "Anajua."